Shati Lililopelekwa Hekaluni

TSE-KAI: Haloo? Nani mwenzangu?

HSIU-LUAN: Mwenzako! Nimekuzaa, leo nimekuwa mwenzako?

TSE-KAI: Mama! Samahani, namba hii siijui—

HSIU-LUAN: Ya A-hsia wa duka la tambi. Yangu imeisha chaji. Umekula?

TSE-KAI: Nimekula. Mikate miwili ya mvuke.

HSIU-LUAN: Miwili tu? Na mbona unanong'ona?

TSE-KAI: Niko kwenye ngazi za shule. Leo ndiyo usaili wa ualimu, Mama, nilikwambia. Kila mtu anafundisha dakika kumi mbele ya watahini watatu na viti vitupu ishirini. Mimi ni namba saba. Namba tano ndiye yuko ndani sasa hivi— hap!

HSIU-LUAN: Bado?

TSE-KAI: Bado nini?

HSIU-LUAN: Hicho kitu chako. Nimekisikia.

TSE-KAI: Hata namba tano amekisikia, na mlango umefungwa.

HSIU-LUAN: Lakini jana nimekupeleka hekaluni!

TSE-KAI: Mimi? Jana nilikuwa huku Taichung nafua soksi.

HSIU-LUAN: Si wewe, shati lako. Nimepanga foleni saa nzima na magoti haya. Yule bibi wa joho la bluu akalipitishia uvumba, akaita roho yako irudi, akatikisa mchele, akapiga muhuri mwekundu kwenye ukosi. Akasema roho ilikuwa mbali sana, ila imerudi.

TSE-KAI: Shati gani, Mama?

HSIU-LUAN: Lile la bluu lenye mistari. Uliliacha siku ile tulipofagia makaburi.

TSE-KAI: La mistari...

HSIU-LUAN: Haloo? Mtandao huu— haloo?

TSE-KAI: Nipo. Mama... lile si langu. Ni la Ping-yao, ninayepanga naye chumba. Aliniazima.

HSIU-LUAN: Usinitanie.

TSE-KAI: Haki ya nani. Ndiyo maana jana usiku amelala kama gogo! Nikadhani amepata mchumba.

HSIU-LUAN: Yaani nimeita roho ya mtoto wa watu?

TSE-KAI: Na imefika salama. Asubuhi ameamka anaimba. Mimi nikaamka nimejipiga kidevu begani mara kumi na moja kabla ya kuvaa suruali.

HSIU-LUAN: Ee mama yangu. A-hsia, usicheke! [sauti inakatika] ...anacheka mpaka anamwaga mchuzi. Basi niletee shati lako la kweli Jumapili, nitarudi.

TSE-KAI: Usirudi tena, Mama.

HSIU-LUAN: Nikae tu nikuangalie?

TSE-KAI: Nina jambo la kukwambia. Nilitaka nikwambie baada ya usaili, lakini kwa kuwa umepiga... Nimeanza kwenda kliniki. Mwezi wa tatu huu.

HSIU-LUAN: Kliniki ya nini? Ya vichaa?

TSE-KAI: Ya mishipa ya fahamu. Daktari ni mwanamke, mdogo, ananicheka nikijicheka. Kasema hali hii inaitwa Tourette. Siyo kichaa, siyo pepo, siyo utundu. Ubongo unatoa amri ambayo sikuiomba. Unajua chafya inavyokujia?

HSIU-LUAN: Ehe.

TSE-KAI: Unaweza kuibana. Utaibana mpaka lini?

HSIU-LUAN: Akakupa dawa?

TSE-KAI: Ya kwanza ikanilaza darasani kwa profesa. Nilikoroma, Mama. Hiyo nayo si nafuu. Sasa ananifundisha mazoezi. Nikihisi shingo inataka kuruka, navuta kidevu chini taratibu, nakaza misuli, nangoja mpaka ile hamu ipite. Ile sauti nayo, navuta pumzi polepole puani.

HSIU-LUAN: Na inapita?

TSE-KAI: Mara nyingine. Mara nyingine nabaki nimekaza shingo kama bata aliyening'inizwa dukani.

HSIU-LUAN: [anacheka, anajizuia] Lakini utapona?

TSE-KAI: Kupona kabisa, hakuahidi. Kasema wengi hupungukiwa wakishakua. Inaonekana mimi bado nakua.

HSIU-LUAN: Una miaka ishirini na minne!

TSE-KAI: Ndiyo hivyo— hap! Subiri, mlango... Namba tano katoka. Namba sita kaingia. Mama, nina dakika kumi.

HSIU-LUAN: Basi sikiliza. Ukiingia humo, jizuie. Dakika kumi tu. Uliwahi kujizuia kwenye harusi ya binamu yako, watu wakakusifu.

TSE-KAI: Mwaka jana nilijizuia.

HSIU-LUAN: Wapi?

TSE-KAI: Kwenye usaili kama huu huu. Nilikudanganya kwamba hawakuwa na nafasi. Nilijizuia dakika nane, Mama. Nafundisha sehemu: nusu, robo, thuluthi. Nguvu zote ziko shingoni, akilini hamna kitu. Nikasema robo mbili ni robo. Dakika ya tisa vyote vikatoka pamoja. Hap, hap, hap, chaki ikaruka, ikamfikia mtahini kwenye kikombe cha chai.

HSIU-LUAN: Mungu wangu!

TSE-KAI: Alikuwa mstaarabu. Aliitoa kwa kalamu.

HSIU-LUAN: [anacheka kwa uchungu] Hukuniambia.

TSE-KAI: Ningekwambia nini? Kwamba nimebweka? Ndiyo maana leo nataka niwaambie mwanzoni kabisa. Kabla ya kushika chaki.

HSIU-LUAN: Uwaambie nini?

TSE-KAI: Kwamba nina Tourette.

HSIU-LUAN: Hapana. Hapana, Kai, usithubutu. Wataandika hilo neno kwenye fomu, na fomu haifi. Nani atampa mtoto wake mwalimu mgonjwa?

TSE-KAI: Darasani kutakuwa na mtoto kama mimi, Mama. Daima yupo. Mimi nilisimamishwa nje ya mlango, mwalimu akidhani namkejeli. Nataka huyo akae ndani.

HSIU-LUAN: Maneno mazuri. Ila kazi huna.

TSE-KAI: Na nikijizuia pia sitaipata! Mwaka jana si—

HSIU-LUAN: Watauliza! Watauliza imetoka wapi! Watasema kwao kuna nini, wazazi wake walimfanya nini—

TSE-KAI: Mama, mbona unapaza sauti?

HSIU-LUAN: [vyombo vinagongana]

TSE-KAI: Haloo? Mama?

HSIU-LUAN: Huyo daktari... kasema imetoka wapi?

TSE-KAI: Kwa nini?

HSIU-LUAN: Nijibu tu.

TSE-KAI: Nimezaliwa nayo. Iko kwenye damu.

HSIU-LUAN: Hukumwambia kuhusu fataki.

TSE-KAI: Fataki zipi?

HSIU-LUAN: Ulikuwa na miaka sita. Tulikwenda kule wanakorusha fataki kwenye umati. Nikakuachia mkono. Nilikuwa nafunga kofia yangu ya kujikinga, Kai, kofia yangu mwenyewe. Nikageuka, hupo. Nilikukuta chini ya meza ya muuza soseji, umeziba masikio, shingo inaruka. Baba yako hakujua. Mpaka amekufa hakujua.

TSE-KAI: Kumbe ndiyo sababu ya mashati yote haya?

HSIU-LUAN: Kila mwaka.

TSE-KAI: Miaka kumi na minane!

HSIU-LUAN: Mtoto akishtuka roho hutoroka, na niliyekushtua ni mimi. Nani mwingine angekurudishia roho yako?

TSE-KAI: Mama, ngoja. Ile picha ya chekechea, iliyo juu ya televisheni. Macho yangu yakoje?

HSIU-LUAN: Umefumba.

TSE-KAI: Na ile ya mwaka mpya, nimevaa koti jekundu?

HSIU-LUAN: Umefumba. Zote umefumba. Mpiga picha alirudia mara sita, ulikuwa unapepesa kama taa mbovu. Baba yako akasema tumezaa mlinzi wa usiku.

TSE-KAI: Nilikuwa na miaka mingapi?

HSIU-LUAN: Minne. Ulikuwa huja—

TSE-KAI: Minne, Mama. Na fataki?

HSIU-LUAN: Sita.

TSE-KAI: Daktari kasema huanza hivyo hivyo, mara nyingi kwa macho. Hukunishtua. Ulinitafuta mpaka chini ya meza.

HSIU-LUAN: [anapenga kamasi]

TSE-KAI: Mama? Unalia dukani kwa watu?

HSIU-LUAN: Ni pilipili ya A-hsia. Sasa... hebu niambie mimi.

TSE-KAI: Nikwambie nini?

HSIU-LUAN: Hayo utakayowaambia. Mimi ndiye mtahini. Namba saba, ingia! Usiburute viatu.

TSE-KAI: Mama, muda—

HSIU-LUAN: Namba saba, tunasubiri.

TSE-KAI: Waheshimiwa walimu, naitwa Lai Tse-kai. Nina Tourette. Mtaona shingo yangu ikiruka na mtasikia sauti nisiyoikusudia. Sina uchungu, wala siwadharau. Tafadhali endeleeni kunisikiliza, na mimi nitaendelea kufundisha.

HSIU-LUAN: Ongeza sauti. Watahini ni wazee. Na ukisema "Nina Tourette" usiangalie chini.

TSE-KAI: Umejuaje nimeangalia chini?

HSIU-LUAN: Nimekuzaa mimi! Rudia.

TSE-KAI: Nina Tourette— hap! Ah, mlango! Wananiita. Mama, simu tunaziacha kwenye kapu, lazima nikate. Hap! Hap! Unaona? Imechachamaa, shingo haitulii, labda nisubiri kido—

HSIU-LUAN: Usisubiri chochote.

TSE-KAI: Lakini nitaingiaje hivi?

HSIU-LUAN: Ingia hivyo hivyo, mwanangu. Hivyo hivyo.

[Simu inakatwa]