Taleri Iliyong'aa Kupita Kiasi

Jumamosi asubuhi, benchi la mbele ya duka la mikate mjini Fürth lilikuwa na watu wake: Egid, aliyeitwa Darubini kwa ajili ya kioo chake cha kukuzia, Kunigunde, aliyeitwa Mama Chupa kwa ajili ya chupa yake ya kahawa, na mzee Ruprecht, aliyeitwa Pengo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amekusanya sarafu za fedha za kumbukumbu za Bavaria, na albamu yake ilibaki na pengo moja tu: tundu la taleri, sarafu kubwa ya fedha, ya mwaka 1835, iliyotolewa kwa kumbukumbu ya reli ya kwanza ya Ujerumani.  Svenja, jirani ambaye Ruprecht humsaidia kupandisha kigari cha mtoto ngazini, alikuwa ametoka kumtia sarafu kiganjani. "Ya marehemu babu yangu. Zawadi yako," alisema, akaingia dukani.

— Ndiyo yenyewe! Pengo akanong'ona. Kichwa cha Mfalme Ludwig kile! Darubini, tazama!

— Mbona inang'aa kama kijiko kipya? Egid akauliza.

— Haijawahi kushikwa, akasema Mama Chupa. Ilikuwa kwa mfalme, imefungwa kwa hariri.

— Mfalme gani, mama wee! Egid akamkatiza. Alipewa dereva wa treni siku reli ilipofunguliwa. Akaificha kofiani.

— Miaka yote hiyo kofiani?

— Alizikwa nayo!

— Na babu wa Svenja akamfukua? Kunywa kahawa yako, Egid.

— Basi ni ya bandia, imetengenezwa juzi, huko Nuremberg, chini ya nyumba ya mtu.

— Funga mdomo! Pengo akafoka. Ipime!

Egid akaitua kwenye mizani yake ndogo.

— Gramu ishirini na nane, uzito wake kamili. Pengo, ni yenyewe!

Mama Chupa akapiga kelele hadi njiwa wakaruka.

Svenja akatoka, mtoto kiunoni.

— Mmeiona? Ilikuwa nyeusi tii! Nimeisugua tangu alfajiri kwa dawa ya meno, huyu akiwa amelala. Imetakata vizuri, Mzee Ruprecht?

 Wakusanyaji hawasugui sarafu. Weusi ule wa miaka ndio wanaoupenda, na mikwaruzo ya kusugua haifutiki tena. Egid aliwahi kumfukuza mtu benchini kwa kosa hilohilo. Sasa alitia kioo mfukoni, akatazama viatu vyake. Mama Chupa akachungulia ndani ya chupa.

Pengo aliitazama mikono ya Svenja. Ncha za vidole zilikuwa nyekundu. Akafungua albamu, akaibonyeza taleri tunduni, ikaingia sawasawa.

— Sogeeni basi, akasema. Mama na mtoto wapate pa kukaa.