Umri wa Kweli wa Mzee Melkizedeki

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Melkizedeki Koikai wa Oldonyo Sambu, mkulima na mfugaji. Alifariki Jumanne iliyopita kwa nimonia, akiwa na miaka themanini na saba. Narudia, themanini na saba, ingawa pasi yake ya kusafiria ilisema sabini na tatu. Na habari yenyewe ndiyo hiyo.

Mwaka 2001 mzee alianza kuishiwa pumzi. Kutoka zizini mpaka mlangoni alikuwa anapumzika mara tatu. Madaktari wa Arusha walisema valvu ya moyo, ile inayopitisha damu kwenda kwenye mshipa mkubwa, imekakamaa. Bila upasuaji, hata mwaka mmoja ungekuwa wa bahati. Upasuaji ulikuwa Nairobi.

Mwanawe Ezra, mwenye duka la vipuri pale Arusha mjini tangu biashara huria iliporuhusiwa, alishughulikia safari. Cheti cha ubatizo kilisema baba alizaliwa 1931, na pasi ikafuata hicho. Karani wa zamani alikadiria kwa macho, basi. Ezra alijua si kweli. Alinyamaza, kwa sababu alisikia kwamba waliovuka themanini hurudishwa nyumbani bila kupasuliwa. Alitaka baba yake apone, wala simlaumu sana.

Hospitali ikampokea mzee wa miaka sabini. Asubuhi, siku moja kabla ya upasuaji, akaja nesi Mmaasai wa Kajiado. Akamsalimu kwa rika lake, kama desturi ilivyo. Alipiga hesabu kwa umri ulioandikwa kwenye faili, akamwita mzee wa Nyangusi. Lahaula! Nyangusi ni rika la wadogo zake. Kumwita mzee hivyo ni kumshusha mbele za watu. Mzee akajiinua kitandani, na pumzi zake za shida, akamwambia yeye ni Terito, rika lililotangulia, alikuwa morani kabla ya vita vya Hitler, na hao Nyangusi aliwaona wakitahiriwa.

Nesi akapiga hesabu upya, akaenda moja kwa moja kwa daktari kumwambia mzee amevuka themanini. Upasuaji ukasimamishwa. Ezra akabembeleza, akadai baba amechanganyikiwa. Daktari akamgeukia mzee mwenyewe, akamweleza bila kuficha: kwa umri huo, kati ya wazee kumi, mmoja au wawili hawatoki hospitali wakiwa hai, na wengine hupotewa na akili kwa muda. Je, bado anataka? Binti yake, Resiato, alikuwepo. Anasema baba alijibu hivi: "Mpasue huyu wa Terito. Huyo wa miaka sabini mimi simjui."

Wakampasua, lakini kwa mpango mwingine. Walikuwa wameandaa valvu ya chuma. Hiyo hudumu sana, ila mgonjwa hunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote. Kwa mtu wa themanini na nne, wakachagua iliyotengenezwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe. Hiyo haikumfunga kwenye dawa ile.

Sitawapambia. Siku kumi na moja mzee hakumjua mtu. "Alinifukuza kama mwizi," anasema Resiato. "Nilijuta kumpeleka." Siku ya kumi na mbili akaomba uji. Kuchunga hakuchunga tena, nguvu hazikurudi zote. Lakini miaka mitatu alitembea kwenda kanisani kwa miguu yake.

Mwaka jana aliteleza mtaroni, akapasuka kichwa. Damu ilitoka, si mchezo. Alishonwa nyuzi tisa, siku ya tatu akarudi nyumbani. Daktari alimwambia Ezra waziwazi kwamba angekuwa anatumia dawa ile ya kuzuia damu kuganda, huenda asingefika hospitali akiwa hai.

Juzi Ezra alikuja hapa studio, mtu mzima mwenye mvi. Aliniomba nimtaje kwa jina, nisimfichie. "Nilidanganya ili baba aishi," akasema. "Uongo wangu ungemuua."

Nimekutaja, Ezra. Pole sana, ndugu yangu. Pole Resiato, poleni familia yote ya Koikai na jirani zao wa Oldonyo Sambu. Mungu awatie nguvu.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, mzee wenu akiugua, mpeni daktari umri wake wa kweli. Halafu nyamazeni, mzee ajibu mwenyewe.