Fidla Zilizoomba Ruhusa

Ndugu waombolezaji, familia imenipa mimi mpwa wake kazi ya kuwasomea historia ya mjomba wetu, Ayandokun Oyerinde, na mtanisamehe nikichangamka, maana maisha yake hayasomeki kwa kunong'ona.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Oyo, katika ukoo wa wapiga ngoma, ambako mtoto huijua mithali kwa mlio kabla ya maneno, akasoma shule ya misheni, kisha mwaka 1964 akaenda London kusomea fidla, akawa anakula viazi huku akiota amala, ugali wa kwetu.

Aliporudi mwaka 1970 alifundisha muziki Ibadan, akiwa na wazo moja lililomnyima usingizi, kwamba kama ngoma yetu husema mithali kwa kupanda na kushuka kama sauti ya mtu, basi fidla mbili, viola na selo nazo zitasema, bila mwimbaji, na wazee watazielewa.

Tarehe 18 Desemba 1971, hapa hapa Oyo, wanafunzi wake wanne walipiga ile mithali isemayo mzee hawi sokoni kichwa cha mtoto kikapinda mgongoni mwa mama yake, vijana wakashangilia, lakini wazee wakanyanyuka mmoja mmoja wakaondoka, na mjomba akarudi nyumbani ameinamisha kichwa akijua fidla imeshindwa, mpaka baba yake alipomwambia, "Tumesikia kila neno, ndiyo maana tumeondoka, tangu lini mtoto akatoa mithali mbele ya wazee bila kuomba ruhusa?"

Mjomba alirukaruka kwa furaha, kwani fidla imeonekana haina adabu, maana yake imesema! Akaiandikia mwanzo mpya, yale maneno tunayotanguliza sote kabla ya kutoa mithali mbele ya wazee, "Samahani wazee, ni mithali tu," na Pasaka iliyofuata selo ilipoomba hivyo, wazee waliitikia kwa kishindo kama ilivyo ada, "Utaishi useme nyingine!"

Tarehe 11 Agosti 1973 alimwoa Bi Morenike, mpiga selo katika wale wanafunzi wanne, wakajaliwa Ayantunde, Abeke na Jumoke, na Bi Morenike alizoea kututania, "Huyu huomba ruhusa kwa wazee tu, jikoni kwangu haombi."

Februari 2019 kiharusi kilimwondolea usemi, lakini mkono ulibaki, akawa anaagiza amala kwa fidla, na jibu linatoka jikoni, "Nimesikia, baba Ayantunde, acha iive!"

Alifariki alfajiri ya tarehe 3 Juni 2021, nasi tunawashukuru madaktari waliomhudumia, majirani waliovumilia mazoezi yake, na walimu wenzake.

Jioni ya mwisho alipiga ule mwanzo wa kuomba ruhusa, mkono ukaishiwa nguvu, mithali yenyewe hatukuisikia. Wanafunzi wake wataupiga sasa kama alivyouacha, na tulipobishana tutamwitikiaje "Utaishi" mtu aliyekwisha kufa, Bi Morenike alisema tusibadili hata neno moja, kwa hiyo selo ikiomba, wazee wangu, itikieni kwa kishindo.

Pumzika kwa amani, mjomba, ruhusa umepewa.