Mukandori Cansilde, Aliyepigiwa Makofi Akiketi

Mchungaji, ndugu wafiwa, majirani wa Rubona na wa mjini Gisenyi, nanyi wageni wetu mliovuka mpaka asubuhi hii kutoka Goma, mimi naitwa Rwema, mdogo wake Rugwiro ambaye ni mume wa marehemu, na familia imenituma niisome historia hii kwa Kiswahili ili asiwepo mtu wa kutafsiriwa. Kabla sijaanza, niliseme lile ambalo kila aliyefika matangani amelisikia, kwamba shemeji yangu ameuawa na makofi, yaani waliomshangilia baada ya kupasuliwa moyo ndio waliomsukuma mpaka moyo ukachoka. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili halipo wala haliji, na nawaomba mnisikilize hadi mwisho mjue kwa nini.

Mukandori Cansilde alizaliwa tarehe 9 Juni 1979 mjini Goma, mtoto wa tatu wa mzee Théogène na mama Kankindi, Wanyarwanda waliokuwa wakiuza vitenge huko, akasoma shule ya msingi huko huko, na Januari 1995 familia ikarudi nyumbani na kukaa hapa Gisenyi, ambako alimaliza sekondari mwaka 1999 katika masomo ya uhasibu. Mwaka uliofuata aliajiriwa na ushirika wa wavuvi wa Rubona kuwa mtunza hesabu, kazi aliyoifanya mpaka alipougua mara ya mwisho, na wanachama wenyewe ni mashahidi kwamba hakumwonea mtu wala hakumwogopa mtu.

Tarehe 18 Agosti 2001 alifunga ndoa na kaka yangu Rugwiro, wakajaliwa watoto wawili, Ingabire mwaka 2002 na Shyaka mwaka 2005. Sisi tulikulia Karagwe, Tanzania, kwa hiyo Kiswahili chetu alikiita cha redio, nami chake nilikiita cha sokoni, tukataniana hivyo miaka yote, wala sikumbuki siku niliyomshinda.

Alianza kukimbia mwaka 2009, akiwa na umri wa miaka thelathini, na tulimcheka, kwa sababu kwetu mama wa watoto wawili akipita mbio asubuhi watu hutazama nyuma yake kumwona anayemfukuza. Nilipomuuliza anakimbia nini, alinijibu, "Bon, shemeji, siku utaona polisi iko nyuma yangu, ndo uniulize." Mimi nilikuwa polisi wakati huo. Habib, mwalimu wa michezo hapa mjini, hakucheka, alimfundisha kupumua na kupanda mlima, na mwaka 2013 Cansilde alikuwa wa pili kwa wanawake katika nusu marathoni mjini Kigali. Tangu hapo barabara ya Rubona ikawa yake, wauza sambaza, visamaki vya ziwa letu, wakiongozwa na Mukabera walimpigia kelele za "Allez, Mama Ingabire!", yaani songa mbele, madereva wa minibasi walimpigia honi, naye, kama mnavyomjua, akisikia jina lake hakuweza kujizuia kuongeza mwendo.

Tarehe 16 Oktoba 2016 alianguka katikati ya mashindano ya kando ya ziwa. Madaktari waligundua kwamba valvu moja ya moyo wake, yaani mlango unaopitisha damu na kuizuia isirudi, ilikuwa imeharibika kwa ugonjwa wa utotoni ambao haukutibiwa, na tarehe 21 Machi 2017 alipasuliwa kifua huko Kigali, akawekewa valvu ya chuma. Alirudi Rubona mwishoni mwa Aprili akiwa na masharti mawili, anywe vidonge vyake bila kukosa, na atembee kila siku, kidogo kidogo, bila kukimbia, maana moyo uliolazwa nao hudhoofika.

Hapo ndipo tulipokaribia kumpoteza. Siku ya kwanza alipotoka kutembea, watu walimwona wakafurahi mno, honi zikalia, kelele za "Allez!" zikapanda, miguu yake ikatii kabla ya akili, akaongeza mwendo, na muda mfupi baadaye alikuwa ameshikilia ukuta wa duka, hawezi hata kusema, Rugwiro akambeba mpaka nyumbani. Kuanzia siku hiyo hakutoka tena. Wageni walimletea maziwa na kumsifia medali zake za zamani, na kila sifa ilimchoma, mpaka akaniambia, "Mi nilikuwa mutu wa mbio. Kutembea kama bibi mbele ya watu wote, siwezi, shemeji." Daktari alituambia wazi kwamba akiendelea kulala hivyo, hatamaliza mwaka.

Aliyemtoa ndani ni Mukabera. Hakuja kumbembeleza, kwanza alipita barabara nzima, kibanda kwa kibanda, akaenda hadi kwa madereva, akawaambia, "Sisi ndo tulimuangusha. Kesho hakuna mutu anasema allez, hakuna honi. Akitembea, munyamaze. Akikaa chini kupumuzika, ndo mupige makofi." Kila mwenye kibanda akatoa kiti chake na kukiweka kando ya barabara, kisha Mukabera akaja kumweleza Cansilde mpango huo, naye akacheka, mara ya kwanza tangu Machi, akatoka, nadhani kwa udadisi tu. Alitembea kidogo, akaketi kwenye kiti cha Nyiraneza, mmoja wa wenye vibanda, na barabara ikalipuka kwa makofi na vigelegele, hata watalii waliokuwa wakipita wakadhani pana harusi, wakaanza kupiga picha. Sijui kilichopita moyoni mwake, lakini niliona aibu ikimtoka usoni, na kesho yake alivaa viatu bila kuambiwa.

Mwezi hadi mwezi alipita kiti kimoja bila kuketi, kisha cha pili, na kabla mwaka haujaisha alifika sokoni mjini kwa miguu yake. Mwezi Juni 2019, kwa ruhusa ya daktari, alishiriki tena mashindano yale yale, akitembea tangu mwanzo, akawa wa mwisho kabisa, wasimamizi walikuwa wameshakunja bendera zao, na watu waliojaa kando ya barabara walinyamaza kimya mpaka alipovuka mstari na kuketi. Nililia siku ile, mimi ambaye sikulia hata nilipovuliwa cheo changu cha polisi.

Mwezi Machi mwaka huu jino lilianza kumuuma, akatafuna karafuu na kutuambia limepoa, kumbe halikupoa. Uchafu wa jino uliingia kwenye damu ukashika ile valvu, alilazwa hapa Gisenyi tarehe 6 Mei, akahamishiwa Kigali, na Jumanne tarehe 14 Mei 2024, alfajiri, aliaga dunia akiwa na umri wa miaka arobaini na minne. Nilimuuliza daktari mbele ya Rugwiro kama kutembea ndiko kulikomuua, akasema ni jino, na kwamba kwa moyo ule aliouona mwaka 2017, kama angebaki kitandani tungemzika mwaka ule ule. Wenye mioyo kama yake mliopo hapa, nawasihi, msifiche jino.

Badala ya kufa mwaka ule, aliishi miaka saba. Alimwona Shyaka akimaliza shule, na Desemba iliyopita alicheza katika harusi ya Ingabire, taratibu, viatu vya mbio vikichungulia chini ya mushanana, vazi letu la sherehe. Hospitali ilimpa valvu, na tunaishukuru kutoka moyoni, lakini miaka ile saba alipewa barabarani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Gisenyi na Kigali, wanachama wa ushirika, mwalimu Habib, madereva waliozizuia honi zao, majirani mliotupikia tangu Jumanne, na wote mliochangia mazishi haya, Mungu awarudishie.

Na wewe Mukabera, naona umesimama kule getini, hujaingia ndani tangu msiba utokee kwa sababu ya maneno yale ya makofi. Jana Rugwiro, watoto na mama Kankindi walikaa wakakubaliana kwamba jeneza halitatoka hapa mpaka uje mbele, kwa sababu wewe ndiwe utakayetangulia nalo, sisi tufuate nyuma yako. Njoo, dada yetu. Tunakungoja, hatuna haraka.

Cansilde, shemeji yangu, pumzika kwa amani ya Bwana.