"Mama Unipokee" Iko Tatu

Kijiwe yetu iko hapa Bulengera, pembeni ya parking ya ba moto, ba pikipiki ya kubeba batu: banc moja ya mbao, meza yangu ya kutengeneza ba radio, na Bénite na thermos yake ya kahawa. Asubuhi hii, bila kuhesabu Bénite, tulikuwa bane. Avocat, wakili wa jina tu, mushona viatu. Tribunal hajaionaka hata mulango. Météo, muuza mbegu. Akisema mvua itanyesha, weye anika nguo. Miye. Na Jephté, motard, kijana muzuri. Samedi hii anapaswa kupandisha mbuzi ya mahari Lubero, kwa wazazi ya Eliane, muchumba wake. Mais tangu siku ya mardi mama mukwe wake hashike téléphone. Na yote ni juu ya wimbo, Mungu wangu, wimbo moja tu.

— Rudilia tena, Avocat akasema. Polepole. Hii ni dossier.

— Niliomba dédicace ku radio, salamu na wimbo. "Kwa Mama Kanyere wa Lubero, kutoka kwa mukwe wake Jephté, wimbo Mama Unipokee." Ile ya orchestre, ya ndoa. Nilicheza nayo ku ndoa ya yaya yangu, ndugu yangu mukubwa.

— Na bale ba radio?

— Baliweka ile ya chorale. Ya mazishi.

Ile ya chorale tunaijua bote. Ikianza tu, banawake banatafuta mouchoir. Lubero muzima ilisikia jina ya mama, ikasikia chorale, ikaelewa vyake. Batu bakakuya na kuni, na maharagi, na mikeka, banalia tangu ku barabara. Bakamukuta marehemu amekaa mu lupango ya nyumba yake, anamenya viazi.

— Alisema nini? nikauliza.

— Eliane aliniambia: aliinua kisu, akauliza, "Nani amekufa?" Bakajibu, "Ni weye, mama."

Météo akacheka mupaka kahawa ikatokea ku pua. Jephté hakucheka.

— Nitamukosa Eliane juu ya titre, juu ya jina ya wimbo!

— Radio haina kosa, Avocat akasema. Kosa ni ya banamuziki. Mama Unipokee iko tatu. Iko ya ndoa, iko ya mazishi, na iko ile ya mulevi, anarudi nyumbani, anagonga mulango. Wahenga balisema: haba na haba hujaza kibaba. Nyimbo tatu, kilio moja.

— Hiyo methali inaingilia wapi? nikauliza.

— Inaingia. Uiache ikae.

— Weye Avocat, unasahau tuko Banande, Météo akasema. Mutoto mwanaume wa kwanza anaitwa nani? Mumbere! Nyumba kwa nyumba, Mumbere. Simama mu soko, ita "Mumbere!", batu makumi mbili banageuka. Na wimbo ni vile. Wimbo ya kwanza ya kila munamuziki ni ya mama yake. Titre inakuya na kuzaliwa. Hakuna mutu aliiba.

— Mais Mumbere wa Kahongya na Mumbere wa Zacharie, quand même, tunabatofautisha! nikajibu.

— Juu unajua baba yao. Jephté alitaja baba ya wimbo, mwenye kuiimba? Hakutaja.

Hiyo ilikuwa kweli, na ilinikasirisha. Météo hana haki ya kusema kweli mbele ya saa ine. Bahati nzuri akaendelea, akaharibu yote.

— Na ninasema hata: ni wimbo moja! Ikiwa kijana, inaoa. Ikikomaa, inalewa. Ikizeeka, inazika. Mardi baliipata imezeeka.

— Donc tuishitaki, Avocat akasema. Ikuye na carte d'électeur, ya kupigia kura, tuone miaka yake.

— Ba yaya, muache mchezo! Jephté akalalamika. Namupenda Eliane. Naogopa. Nifanye nini?

— Omba ingine, Bénite akasema, anamumiminia kahawa. Omba Mama Unisamehe.

— Ya nani? nikauliza. Iko ine.

— Ile ya banamuziki ya Oicha iko tamu, Avocat akasema.

— Ile ya Oicha mutu anaomba musamaha juu aliiba mbuzi! Météo akapinga.

Jephté akaweka kichwa ku magoti. Hapo moto ikasimama, akashuka mwanamuke na mufuko ya viazi: Virginie, yaya ya Eliane, anatoka Lubero. Jephté akaruka, kahawa ikamwangika ku suruali yake.

— Mama amenituma, Virginie akasema.

— Amekasirika?

— Siku ya kwanza, sana. Mais sikia. Balimulilia mbele ya macho yake. Kila mutu akasema muzuri wake, naye anasikia. Na Kasika, jirani, miaka sita habasalimiane, alikuya na sufuria ya maharagi, analia, akamuomba musamaha. Jana balienda mu shamba pamoja. Téléphone hashike juu batu bote banaita kuuliza kama amefufuka. Mama anasema wasingya, aksanti. Maharagi bado tunakula. Samedi upandishe mbuzi.

Météo akapiga makofi. Hata miye, nasema kweli, macho ilinilowa.

— Mais radio, hapana tena, Virginie akasema. Mama anataka usimame mu lupango mbele ya batu, umuimbie ile yako ya ndoa na kinywa yako mwenyewe. Anauliza: inasemaka nini?

Jephté akaangalia Avocat. Avocat akaangalia Météo. Météo akaangalia mawingu.

— Si ulicheza nayo? nikamwambia.

— Nilicheza, yaya. Sikusikiliza.

Na miye, miaka kumi na mbili ninatengeneza ba radio, ba titre najua zote, maneno ya ndani hapana. Haya ilinishika, nikachukua tournevis, nikaanza kufungua poste ya radio ilikuwa nzima.

Jephté akakohoa, akafungua kinywa.

— Mama, unipokee...

— Ile tulisikia, Virginie akasema. Na kisha?

Bénite akainua thermos, akaitikisa. Kahawa ilikuwa imekwisha.