Mbwa wa Mzee Ebenezeri na Jina la Wenseslaus Tesha

Marehemu Wenseslaus Tesha alizaliwa Kilema tarehe 14 Mei 1962, mtoto wa tano wa wakulima wa kahawa waliokuwa wakitarajia padri. Alisoma shule ya msingi hapo hapo, 1970 hadi 1976, akakaa seminari miezi minne, akamalizia sekondari ya kutwa, na mwaka 1986 akahitimu chuo cha mifugo. Mama yake aliendelea kumwombea.

Tarehe 8 Januari 1994 alifunga ndoa na Odilia, mwanamke asiyeweza kumpita kiumbe mwenye njaa.

Agosti mwaka huo nguruwe pori alimpasua tumbo mbwa wa jirani yao, Mzee Ebenezeri. Marehemu alikuta utumbo una matundu mawili. Akayashona, akaupitisha utumbo wote vidoleni kutafuta la tatu, akauosha kwa maji ya chumvi, akafunga. Mbwa akalazwa barazani kwa marehemu, kwa amri ya kutokula chochote hadi kesho yake. Siku ya tatu akafa.

"Mshono wangu uliachia, mzee," marehemu alisema.

"Fundi viatu angeshona vizuri zaidi," Mzee akajibu, na hakulisema mara moja tu. Neno hilo lilizunguka kila penye pombe ya mbege.

Watu wakaacha kumletea mbwa. Alihamia Njoro, akafungua duka la dawa za mifugo lenye meza ya upasuaji uani. Wateja walitoka Holili na Chekereni, ambako Mzee Ebenezeri hakuwa na ndugu. Alitoa matumboni mwa mbwa magunzi na mifupa ya mbuzi wa Krismasi, akashona matumbo yaliyokatwa panga kwa kosa la kuvuka mpaka. Wengi walipona. Kila mbwa alilala bandani kwa kufuli, na ufunguo ulikaa mfukoni mwa marehemu.

Tangu 2021 alisumbuliwa na kisukari, kisha figo. Alifariki hospitalini Jumatatu, tarehe 3 Machi 2025. Ameacha mjane, Odilia, na watoto wawili, Shedrack na Hilda.

Mjane ameagiza na haya yasomwe. Juzi alikwenda kwa Mzee Ebenezeri akiwa na jani la isale, ambalo kwetu hutumika kuomba msamaha.

"Shikamoo, baba. Mbwa wako nilimuua mimi. Nilimpa mtori jioni ile ile, kama anavyopewa mama aliyejifungua. Wenseslaus alipomfungua tena alikuta ndizi za mtori nje ya utumbo. Akaniambia ninyamaze, mimi ni bibi harusi, watu wataniweka mdomoni."

"Mtori wa nyama?"

"Wa nyama, baba. Bakuli zima."

Mzee akaweka kikombe cha chai chini.

"Basi mbwa alikufa ameshiba. Mwenye kufa njaa ni huyu niliyemfukuzia wateja."

Odilia akamnyooshea jani. Hakulipokea.

"Lipeleke kwake. Mimi nitakuja nyuma yako."

Ndilo hilo mnaloliona juu ya jeneza, na Mzee Ebenezeri ameketi safu ya mbele, pamoja na wafiwa.

Mungu ampe Wenseslaus pumziko, na sisi tumrudishie jina lake.