Alama za Dume Yule

Mimi nauza kahawa mbele ya kituo cha kupokelea maziwa, na benchi hili ni langu, ingawa wanaolikalia wameshasahau. Kila asubuhi wafugaji wakishapimiwa maziwa yao hawaendi nyumbani. Wanakaa hapa kunimalizia sukari na kubishana. Leo Redio, ambaye hajawahi kuzimwa tangu apewe jina hilo, na Kifaru, mwenye ng'ombe wawili na kifua cha mwenye ishirini, waliwahi mapema. Katikati yao alikaa Mpole, bila dumu la maziwa. Mtamba wake, ng'ombe pekee aliyekuwa naye, alikufa jana mchana akizaa kwa mara ya kwanza. Ndama alikwama mabega, wakaenda wote wawili. Nilimmiminia Mpole kahawa, akakishika tu kikombe. Roho iliniuma.

REDIO: Pole sana, ndugu yangu. Ila mimi nakwambia, tatizo ni baridi.

KIFARU: Baridi gani na jua lote hili?

REDIO: Baridi ya kwenye mtungi! Mbegu ya dume inagandishwa miaka na miaka. Ikiingia kwenye joto la ng'ombe si inaumuka? Maharage ukiyaloweka yanabaki vilevile?

KIFARU: Wewe nawe! Ndama ni maharage? Yule mpandishaji wa mbegu aliingiza mrija kichwa chini miguu juu. Ndama akakaa kinyume, basi.

MPOLE: Hakukaa kinyume. Miguu ya mbele ilitoka, pua ikatoka. Alikuwa mkubwa tu.

Hapo mtu mwenye akili angenyamaza. Hawa wangu hawakunyamaza.

REDIO: Basi dume mwenyewe. Madume wa siku hizi wanalishwa kama mabondia.

KIFARU: Au mtamba alilitazama sana lile lori la maziwa wakati ana mimba. Usicheke, muuza kahawa.

Sikuwa nacheka.

MPOLE: Mimi sikukurupuka, jamani. Nilimwambia mpandishaji, huyu ni mtamba, nyonga bado ndogo, nipe dume ambaye ndama wake hutoka wenyewe. Akasema kila dume ana alama zake za kuzalisha kwa urahisi, na huyu ndiye anayeongoza. Nikaamini.

KIFARU: Alama wanajipangia huko maofisini, wameshiba. Hao wanamjua ng'ombe?

REDIO: Kuna mashine, bwana! Dume anasimamishwa, mashine inampima mabega, yakizidi inalia. Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe.

Alikuwa anataka kutuonyesha jinsi inavyolia, ndipo mke wa Mpole akatokea. Hajawahi kufika kijiweni hapa. Viatu vyake vilikuwa na udongo wa shimo walimomfukia ng'ombe, na kiganja cha kulia kimevimba kwa kuvuta kamba. Yeye ndiye aliyemlea mtamba yule kwa chupa, tangu akiwa hawezi kusimama sawasawa. Nilimpisha kigoda changu, akakataa.

KIFARU: Pole sana, shemeji. Karibu ukae.

MKE: Asante, shemeji, sikai. Nimetoka kwa mpandishaji. Nilikwenda kumtukana.

REDIO: Umefanya la maana!

MKE: Subiri kwanza. Nilimuuliza alama za dume yule kazitoa wapi. Akasema dume bado kijana, anajaribiwa kwenye mabanda yetu haya haya. Ndama akizaliwa, yeye anampigia simu mwenye ng'ombe: amezaaje, mwenyewe au kavutwa? Majibu yetu anayapeleka, huko wanayajumlisha, ndiyo hizo alama. Akasema kawapigia wengi, na wote walijibu neno moja. Shemeji Kifaru, wewe ulimjibuje?

KIFARU: Mimi? Nilisema salama.

MPOLE: Kifaru. Yule ndama niliyekuja kukusaidia kumvuta, wanaume wanne na kamba, alikuwa wa dume huyu?

KIFARU: Sasa... si mama alisimama? Ndama si alisimama? Mtu akikupigia asubuhi kukuuliza habari za nyumbani, unaanza kumwaga shida zako? Unasema salama.

MKE: Na wewe, shemeji Redio?

Redio aliinama, akawa anafungua na kufunga mfuniko wa dumu lake.

REDIO: Wangu alitoka amekufa.

KIFARU: Lini? Mbona hukutuambia?

REDIO: Niwaambie nini, mseme sijui kufuga? Mpandishaji alipopiga nikasema salama, nikakata simu. Tulimfukia nyuma ya banda, mimi na mama watoto.

Nilimhurumia, na hapo hapo nilitamani kumtwanga na birika. Mpole alikiweka kikombe chini, hajakinywa.

MPOLE: Mngeniambia tu.

Mkewe aliwaangalia mmoja mmoja, kisha akaliangalia benchi lenyewe.

MKE: Huyu kila siku ananiaga, eti anafika kijiweni mara moja, kuna mazungumzo ya ng'ombe. Hivi, shemeji zangu, mkikaa hapa huwa mnazungumza nini?

Hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua, akasimama kusubiri jibu. Kifaru alianza kufunga dumu lake. Redio alikuwa anafuta macho kwa mkono wa shati. Mimi nimewasikiliza miaka yote nikiwamiminia, nikatafuta hata jambo moja la kumwambia yule mama. Sikulipata, na niliona aibu.

Aliposubiri vya kutosha akamshika mumewe mkono.

"Twende," akamwambia. "Majani uliyomkatia jana bado yako bandani. Njoo tuyatoe."